Kidoko

Fundi wa Darajani aliitazama mara moja tu,
akairudisha ndani ya bahasha ya kaki:
"Dada, hii itupe. Nunua ya betri."
Basi nikarudi nayo Wete kwa boti ya Alhamisi,
pamoja na saa mbili maiti za chapa ileile
nilizouziwa kwa bei ya pakiti ya sindano.

Mimi ni mshonaji kofia. Jicho langu limezoea
tundu ambalo punje ya mtama haipiti.
Nikatandika juu ya sinia kitambaa cheupe
kilichosalia kwenye kofia ya bwana harusi,
nikafunga dirisha la upande wa barabara,
nikazima feni.

Kifuniko cha nyuma kilitii kisu cha kumenyea muhogo.
Baba, barazani, akasikia ule mlio:
"Mize! Taratibu! Hiyo haijapata kufunguliwa
tangu siku niliyokabidhiwa mizani ya karafuu."

Ndani ya kifuniko, kwa ncha ya kitu kikali,
zimekwaruzwa alama tatu, nyembamba kama nyayo za sisimizi.
J.V., sabini na moja.
J.V. tena, sabini na nane.
Ya tatu haina jina. Ina mwaka, na mstari uliopinda
kama aliyeuandika aliitwa.

Maneno hayohayo baba huyasema juu ya mizani yake:
haijapata kuguswa.
Na Mtambwe wapo watu hadi leo
wanaopokea salamu yake kwa kichwa, si kwa mkono.

Sikusema kitu.

Kamani ilikuwa imekatika. Ilipotoka ilijifyatua,
ikanichora kidole, tone moja la damu.
Ya maiti wa kwanza ina kutu. Ya wa pili nzima.
Wajuzi husema usiiviringishe kwa vidole, ina chombo chake.
Chombo chake sina.
Nikaisindilia kidogo kidogo ndani ya kijungu chake,
kama kumrejesha mtoto chandaruani.

Kisha kile kipande kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma,
kinachosema ta, ta, ta, mtu akitia ufunguo.
Jina lake la vitabuni silijui. Nimekiita kidoko.
Kimelika ncha, hakishiki tena.
Nikaweka kingine, na skrubu yake,
ndogo kuliko mbegu ya iliki,
ikaruka kutoka kwenye kibano.

Nilifagia chumba kizima kwa kiganja.
Vumbi nikalitia kwenye chekeche la unga:
kikonyo cha karafuu, kishikizo,
sindano mbili nilizomsingizia Asya,
bawa la mende,
nywele zangu za zamani, zile nyeusi,
na mwisho kabisa skrubu, inameta, haina habari.

Vito kumi na saba vikanywa mafuta kwa ncha ya sindano.
Gurudumu la mizani nikaligusa kwa unywele wa brashi.
Likasita.
Likaenda. Likarudi. Likaenda,
na mimi nikagundua kuwa nilikuwa sipumui.

Kabla ya kufunga, kwa sindano ya kutobolea viua,
nikakwaruza chini ya ule mstari uliopinda:
M.F., na mwaka.

"Ilikuwa na nini?"
"Vumbi tu, baba."
"Nilisema mimi."

Simu yangu hakutaka hata kuiona.
Yeye hutia saa majira ya wazee:
jua likizama, akrabu zote mbili juu.
Ila mwadhini wa Limbani humtangulia wa Jadida
kwa dakika mbili, na kila mmoja ana watu wake.
Baba akavuta kifundo, akangoja.
Adhana ya kwanza ikaanza. Kidole gumba hakikutikisika.
Ya pili ikaanza.
Akabonyeza.

Akatia ufunguo: ta, ta, ta.
Akaiweka sikioni muda mrefu,
akanitazama mkono wenye kitambaa kidoleni,
akapiga kidoko kimoja.
Cha sifa, au cha kunionya, sijui.